Masikio ya Fundi Kasiani

Fundi Kasiani alikuwa hasikii tena mlio wa mkanda wa injini, na waliojua hivyo walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe na mkewe Editha. Daktari wa masikio angekuwa wa tatu, lakini huyo aliwaona mara moja tu, akawaandikia karatasi, na karatasi yenyewe Editha aliichoma kwenye jiko la mkaa siku hiyohiyo.

Pale gereji, Tegeta, karibu na njia ya kupandia Madale, mafundi wenzake walimwita Daktari. Hawakumpa jina hilo bure. Zamani gari lilikuwa likiingia getini, yeye bado anafuta mikono, hajaligusa, anasema, "Beringi ya altaneta." Wanafungua, ni beringi ya altaneta. Wateja waliupenda mchezo huo, na tuseme ukweli, fundi mwenyewe aliupenda kuliko wao. Binadamu akishasifiwa kwa jambo moja, hata likianza kumuunguza vidole haliachii.

"Sauti nene zimebaki," yule daktari alikuwa amewaambia. "Nyembamba ndizo zimekwenda, na hazirudi." Miaka ishirini na saba ya grinda, nyundo na injini zisizo na ekzosi ilikuwa imefanya kazi yake. Kasiani alisikia malori, ngoma, na mwanamume aliyesimama mbele yake. Hakusikia simu, wala ndege, wala binti yake Filomena akimwita kutoka chumba cha pili. Na mlio wa mkanda ndio mwembamba kuliko yote. Kifaa cha kuvaa sikioni alikikataa hata kabla ya kutajiwa bei.

"Fundi mwenye kidude sikioni ni sawa na mpishi asiyeonja," alisema. "Nani atamletea gari?"

Hakuwa anatia chumvi. Mwaka mmoja kabla ya hapo macho ya fundi Elinaza yalipoingia ukungu, umoja wa mafundi ulimwitia kikao, ukamchangia, ukamwombea dua, ukampumzisha. Eneo lake, kipande cha ardhi nyeusi ya oili hatua sita kwa nne, likapewa mtu mwingine wiki ileile. Elinaza alikuja kuwasalimia mara mbili. Mara ya tatu hakuja. Kasiani alikuwa na miaka hamsini na tatu, binti kidato cha tatu, na kiwanja huko ndani Madale chenye kuta zilizofika usawa wa madirisha. Mabati ya nyumba hiyo alikuwa ameshayanunua, ishirini na mawili, yameegemezwa chumbani kwao yakisubiri kuta zipande.

Basi Editha akawa masikio. Yeye aliuza chai, chapati na supu katika kibanda kilichopakana na eneo la mumewe. Jumapili baada ya misa, gereji ikiwa tupu, Kasiani alimwashia injini ya gari lolote lililolala pale, akampa bisibisi ndefu, ncha kwenye nati ya puli, kile kigurudumu kinachopitiwa na mkanda, mpini sikioni.

"Ukisikia kama kifaranga kimebanwa na mlango, huo mkanda. Ukisikia kama mtu anasaga meno usingizini, hiyo beringi ya puli. Ukiwa na wasiwasi, mwagia mkanda maji. Mlio ukikatika, ni mkanda. Usipokatika, achana na mkanda wa watu, tafuta puli."

Jumapili nne zilimtosha. Editha aliimba kwaya tangu yuko Songea, na sikio lake halikuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Tatizo lilikuwa namna ya kumpelekea mumewe jibu. Akinong'ona, hasikii. Akipaza sauti, gereji nzima inasikia. Ndipo wakakubaliana kuhusu vikombe. Akimpelekea chai kwenye kikombe cheupe, ni mkanda. Kwenye chekundu, ni puli. Nani atashangaa mke kumpelekea mumewe chai? Mwaka mmoja na miezi minne Daktari akaendelea kuwa Daktari, na aibu ya maiti ikabaki kwa mwosha.

Jumatano moja asubuhi Mzee Revelian aliingia na gari lake la viti saba. Alikuwa karani mstaafu, mtu wa Bukoba, anakaa Madale juu kabisa kilimani, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumpa fundi mwingine funguo za gari. Mkewe, Bibi Demetria, alikuwa amekaa kiti cha nyuma na magoti yake yaliyovimba. Walikuwa njiani kwenda kliniki. Gari lilikuwa linapiga kelele ambayo mtu angeisikia akiwa ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama," Editha alisema.

"Marahaba, Mama Filo. Umetusikia tunakuja? Jumuiya nzima imetusikia leo. Mama anasema tumekuwa treni."

Mafundi walicheka. Brightson, kijana wa miaka ishirini na nane mwenye mashine ya kusomea hitilafu za magari, aliziba masikio kwa utani. "Mzee, hilo gari unafugia panya?"

Kasiani aliona vinywa vinacheka na vidole vimeziba masikio, akajua kuna mlio. Alifungua boneti, akainama, akakunja uso kama anasikiliza. Alichosikia ni mngurumo wa injini tu. Akachukua chupa ya maji, akamwagia mkanda, kisha akatupa jicho kibandani.

Editha alikuwa ameshaacha chapati. Maji yalimwagika, mlio haukubadilika hata kidogo, na chini yake kulikuwa na kile kisauti cha meno yanayosagana. Puli. Alinyoosha mkono kwenye sinia kuchukua kikombe chekundu, hakikuwepo. Brightson alikuwa amejichukulia mwenyewe asubuhi, na sasa alikuwa anakinywea akiwa ameegemea nguzo.

"Mama Filo," Mzee Revelian aliita, anakohoa kavu juani, "hebu nipoze koo."

Mgeni ni mgeni, na mzee ni mzee. Editha hakuweza kumwacha mtu wa umri wa baba yake asimame na kiu eti anasubiri kikombe. Alimimina chai kwenye kikombe kilichokuwa karibu, akavuka mbele ya boneti, akampa mzee kwa mikono miwili. Hilo halikuwa jibu la gari. Ilikuwa heshima tu. Lakini kikombe kilikuwa cheupe, na Kasiani alikiona kikipita.

"Mkanda," alitangaza, akifunga chupa ya maji.

"Daktari, mbona mie nasikia kama puli?" Brightson alisema.

Kasiani alimwona akisema, akamsoma usoni. "Wewe sikiliza mashine yako, magari niachie mie."

Gereji nzima ikacheka, safari hii ikimcheka Brightson. Huko nyuma Bibi Demetria alikuwa anahangaika na mlango uliogoma. "Fundi," aliita. "Fundi, hebu nifungulie huku. Fundi." Kasiani alikuwa hatua tatu kutoka hapo, amempa mgongo, na hakugeuka. Editha alikimbia akamfungulia.

"Samahani mama, kelele za grinda."

Bibi Demetria alitazama huku na huku. Grinda ilikuwa imelala chini, haina hata waya.

Mkanda mpya ulinunuliwa duka la ng'ambo. Kasiani alikuwa ameshatoa wa zamani, amepiga magoti, Editha alipofanikiwa kumnyang'anya Brightson kikombe kwa kisingizio cha kumwongezea. Alimimina chai, akaenda, akakiweka chekundu kando ya goti la mumewe, akasimama.

Kasiani alikiona. Alipeleka kidole kwenye puli ndogo inayoukaza mkanda, akaizungusha polepole, na kidole kikamwambia kilekile: ndani kuna kitu kama mchanga. Akainua macho kwa Editha, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwona Brightson, amekuja kuegemea gari, mikono mifukoni, anangoja. Watu tisa walikuwa wamemsikia akitangaza mkanda. Kusema sasa kwamba ni puli kungekuwa kusema kwamba kijana alisikia na Daktari hakusikia. Puli ya namna hii huvumilia hata mwezi, alijiambia. Jumamosi nitampigia mzee, aje nimbadilishie kimyakimya, bure.

Akafunga mkanda mpya juu ya puli iliyokufa. Gari lilipowashwa mlio ulipungua, kama ilivyo kawaida ya mkanda mpya. Yeye hakujua kama umepungua au haukupungua. Alimtazama mkewe, na mkewe akatazama kikaango.

Jumamosi haikufika. Ijumaa saa saba mchana, wakipandisha mlima wa Madale, puli iliganda, mkanda ukakatika. Kwa wanaojua magari haya, mkanda ni mmoja na unabeba kila kitu: chaji, usukani, pampu ya maji. Mzee Revelian aliona usukani umekuwa mzito, akadhani ni hilo tu, akakaza mikono ili amfikishe mkewe nyumbani. Alipoona mvuke unatoka kwenye boneti, injini ilikuwa imeshachemka mpaka silinda hedi, kifuniko chake cha juu, imepinda. Bibi Demetria hakuweza kupanda bodaboda kwa magoti yale. Alipandishwa kilima kwa miguu, ameshikwa kwapani na vibarua wawili wa lori la mchanga, kitenge kimelegea, majirani wametoka kwenye mageti wanatazama. Alilala siku tisa.

Jumatatu gari lilivutwa kwa kamba mpaka gereji. Brightson ndiye aliyefungua, na kila mtu akaona puli ilivyoganda. Kisha akauliza, taratibu tu, mkanda wa zamani uko wapi. Ulikuwa kwenye boksi la vifaa la Kasiani. Akaukunja mbele ya watu, akaunyoosha, akaukunja tena. Haukuwa na ufa hata mmoja.

"Mzima huu," alisema. "Huu angeufunga tena, akanunua puli, ishu ikaisha."

Mwenyekiti wa umoja, Mzee Albano, aliwakalisha kwenye matairi. Mzee Revelian alipewa kiti. Editha alisimama pembeni na mwiko mkononi, na hakuna aliyemwambia aondoke wala aliyemkaribisha.

"Fundi Kasiani," Albano alisema kwa sauti yake nene, "hapa kuna mawili. Ama hukuisikia puli, ama uliisikia ukaamua kumpiga mzee hela ya mkanda. Masikio yako sie wote tunayajua. Sasa utuambie mwenyewe."

Editha alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kasiani alimwona, akamuwahi.

"Niliisikia," alisema. "Nilitaka hela."

Mafundi walitazama chini, kwa sababu wengi wao walikuwa wameshawahi kumfungia mtu kitu asichokihitaji, na aliyenaswa huwatia aibu hata wasionaswa. Mzee Revelian aliinamisha kichwa, akaongea kama anaongea na viatu vyake.

"Miaka kumi na moja. Ungeniambia una shida, Kasiani, mimi ningekunyima?"

Kasiani aliona kipara cha mzee na kwamba watu wote wanamngoja yeye. Akajibu kwa unyenyekevu wote aliokuwa nao.

"Ndiyo, mzee."

Watu waliguna. Mzee Revelian akainua uso akamtazama, mara ya mwisho kumtazama, akasimama kutafuta fimbo yake. Editha alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na mwiko wake.

Hukumu ilikuwa ya kawaida: mwezi mmoja nje ya gereji, na gari la mzee alitengeneze kwa gharama zake, kuanzia hedi mpaka gasketi. Mabati ishirini na mawili yaliondoka kesho yake juu ya mkokoteni.

"Ungewaambia ukweli," Editha alisema jioni ya kikao. Alisema akiwa amemkabili na kutamka wazi, maana ndivyo ugomvi ulivyokuwa katika nyumba hii: hakuna kufoka ukiwa umegeuka.

"Mwizi anatozwa faini, anarudi kazini. Kiziwi harudi. Elinaza karudi?"

"Na mie nikae pale kama mke wa mwizi?"

"Utakaa kama mke wa fundi." Alijitazama kidole kile. "Halafu si uongo mtupu. Niliishika ile puli, nikajua. Niapie, Editha. Hata kwa padri usiseme."

Aliapa. Alikuwa bado anafuta machozi kwa khanga pale Filomena alipoingia kutoka shule, hata begi hajatua.

"Baba, ni kweli wanavyosema?"

Kasiani alikuwa anafungua kamba za viatu. Hakusikia.

"Baba," binti akarudia, "ni kweli uliiba?"

Hakusikia. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji sita na korido moja. Filomena akajaza pumzi, akauliza kwa sauti ambayo baba yake angeisikia, na wapangaji wote wakaisikia. Mahali fulani kwenye korido redio ikapunguzwa.

"Ni kweli, mwanangu," Kasiani alisema.

Baada ya mwezi alirudi kwenye eneo lake. La ajabu, na linalochekesha kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba sifa ya masikio yake ilikuwa imepanda. "Jamaa ni mwizi lakini anasikia," wateja waliambiana. "Aliisikia puli akanyamaza." Walimletea magari wakasimama juu yake mpaka amalize, macho kwenye mikono yake. Mwenye kupungukiwa alikuwa Editha. Watu waliokuwa wakimwachia chenji sasa walikoroga supu yao kwanza, wanatafuta nyama, ndipo wanakunywa. Vikombe vikaendelea na kazi yake.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Mzee Revelian aliingia kwa miguu. Alipita nyuma ya Kasiani aliyekuwa ameinamia gari, akasimama kidogo, akaja moja kwa moja kwenye benchi la Editha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nipe chai, usiweke sukari."

"Mama anaendeleaje?"

"Sasa anafika jikoni." Alishika kikombe bila kunywa. "Mama Filo, amenituma yeye. Mke wangu amekataa katakata. Anasema yule mtu si mwizi, yule mtu hasikii. Anasema siku ile alimwita mara tatu, na grinda haikuwa inafanya kazi. Mimi nikamwambia anaota. Lakini hapo nimepita nyuma yake, nimemsalimia kwa jina lake, hakugeuka."

Editha alipangusa benchi ambalo lilikuwa safi.

"Kama ni masikio, niambie," mzee aliendelea. "Sina ugomvi na mgonjwa. Nitakwenda kwa Albano leo hii, awaite wote, niseme mbele yao kwamba tulimwonea. Mabati yake nitayarudisha hata kidogokidogo. Siwezi kufa nimeshikilia jina la mtu."

Alikuwa anasema kwa wema kabisa, na wema wake ndio uliokuwa wa kutisha. Angeliosha jina la Kasiani mbele ya mafundi wote, na kabla ya jioni Kasiani angekuwa Elinaza. Editha alifikiri kumwomba afiche. Akaangalia uso ule wa karani aliyekaa miaka thelathini bila kuandika uongo kwenye daftari, akajua hataweza hata akijaribu. Na alikuwa ameapa.

"Anasikia vizuri, baba," alisema. "Alikuibia."

Mzee Revelian akaweka kikombe chini, bado kimejaa.

"Basi mwambie hivi. Siku nikifa asije kunizika. Nitawaambia na watoto. Asikanyage kwangu."

Alipokuwa anatoka getini ndipo Kasiani alipogeuka akauona mgongo wake. Alikuja mbio anafuta mikono, uso umejaa matumaini kiasi kwamba Editha alishindwa kuutazama.

"Alikuja? Amesema nini?"

Kwa mwaka mmoja na nusu kazi ya Editha ilikuwa kumletea mumewe yale inayoyasema dunia, bila kupunguza wala kuongeza.

"Anakusalimia," alisema.

"Kweli?" Kasiani alicheka, akakaa kwenye benchi palepale alipokuwa amekaa mzee, akainywa ile chai. "Nilijua. Mzee Revelian si mtu wa kinyongo."

Mzee Revelian alifariki mwezi wa kumi, presha, akiwa anavaa viatu. Habari zilifika gereji asubuhi: mwili utaagwa nyumbani Madale saa sita, kisha safari ya Bukoba. Umoja wa mafundi ukakodi gari. Kasiani alirudi nyumbani, akapiga pasi shati jeupe.

"Usiende," Editha alimwambia.

"Nini?"

"Tutume rambirambi tu. Wanawe hawajasahau."

"Mtu aliyekuja kunisalimia baada ya yale yote, nisimzike?" Alishangaa kweli. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea salamu."

Sasa ungemwambiaje? Editha alijifunga kitenge, akamfuata.

Uani kwa marehemu palikuwa pamejaa turubai na viti. Jeneza lilikuwa mbele ya baraza, na watu walipita mmojammoja kutoa heshima za mwisho. Bibi Demetria alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefungwa khanga nyeupe. Mafundi walipanga mstari, Albano mbele, Brightson nyuma yake, Kasiani wa tatu, ameshika kofia kifuani. Editha alikuwa upande wa wanawake, na tangu mstari ulipoanza kusogea hakumwondolea mumewe macho.

Rogers, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni na wajomba zake. Alimwona Kasiani alipokuwa ameshapita.

"Wewe," alisema. "Fundi. Toka kwenye mstari."

Kasiani alisogea hatua moja mbele.

"Nasema na wewe. Baba alikukataza kukanyaga hapa."

Kasiani akasogea hatua nyingine, kichwa ameinamisha, midomo inasali. Kwaya iliacha kuimba, sauti moja baada ya nyingine. Uani mzima sasa ulikuwa unamtazama mwizi ambaye anafukuzwa msibani na anaendelea kutembea kama hakuambiwa kitu. Mwanamke mmoja akasema kwa jirani yake, si kwa kunong'ona, kwamba watu wengine hawana haya hata mbele ya maiti. Rogers alikuwa amekunja mikono ya shati, anashuka ngazi za baraza, na wajomba wawili wako nyuma yake.

Editha alisimama.

"Msimguse," alisema. Sauti ikatoka ndogo, akairudia kwa nguvu zake zote za kwaya. "Msimguse, hasikii. Mume wangu ni kiziwi. Hakuisikia puli, hasikii chochote, hajui mnamwambia nini."

Rogers akasimama alipofika. Bibi Demetria akaufunika uso kwa khanga, akaanza kulia upya. Albano aligeuka, Brightson aligeuka, na mafundi wote wa gereji wakageuka kumtazama Editha, naye akaona kwenye nyuso zao kwamba kikao kimeshaanza na kimeshakwisha.

Wote waliokuwa uani walikuwa wamesikia. Kasiani peke yake hakusikia. Alikuwa amefika kwenye jeneza, akafanya ishara ya msalaba, akainama karibu na kioo, akamshukuru mzee kwa zile salamu.